Daftari la Stoo

Mimi ndiye mtunza stoo, ghorofa nne zinazopanda Pasua.
Ofisi yangu ni mabati sita na kufuli.
Nina daftari la kurasa mia mbili, nimelipiga mistari kwa rula:
tarehe, kilichoingia, kilichotoka, sahihi.
Saruji, mifuko sitini.
Nondo za milimita kumi na mbili, arobaini.
Mirunda, mia na themanini;
mitatu imeliwa na mchwa, nikaiandika kwa kalamu nyekundu,
nayo ikapanda juu vilevile.

Kofia ngumu: saba.
Mafundi na vibarua: ishirini na wawili.
Hesabu hiyo haihitaji shule.
Zililala kwangu ndani ya nailoni, safi kama vyombo vya wageni,
zikatoka tu gari la wakaguzi lilipokata kona,
zikarudi kabla vumbi lake halijatua.
Kila asubuhi mlima ulikuja kazini umevaa wingu lake.
Sisi, vichwa vitupu.

Masika, baada ya chai,
Ndelilio alikanyaga mrunda wa wino mwekundu.
Sisimulii.
Nasema tu ndala yake moja ilibaki juu,
imenasa kwenye waya, siku tatu,
na hakuna aliyejitolea kuishusha.
Leo yuko Kiboriloni, anapima mkaa kwa kopo,
mguu mmoja haukunji.

Mkandarasi alisema: Kazi ya Mungu haina makosa.
Nikafungua daftari, nikatazama safu ya sahihi.
Mungu hakusaini pale.
Nilisaini mimi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliwaonyesha mafundi ule ukurasa.
Fundi Elinihaki aliusoma mara mbili, akakaa juu ya tofali,
na wengine wakakaa.
Siku mbili zege halikuchanganywa.
Siku ya tatu pikapiki ilileta kofia kumi na tano,
mikanda sita, na matusi.

Ndipo nilipopiga mstari wa tano.
Juu yake niliandika: *Kisichotokea.*

Jumatatu. Mirunda kumi na mmoja imekataliwa, imekatwa kuni.
Mama Aikande amechemshia maharage. Hakuna aliyevunjika.

Jumanne. Kijana Sifaeli amefungua mkanda, eti joto.
Elinihaki amemwita ashuke. Wametukanana hadi majirani wakachungulia.
Ameufunga.
Saa nane ameteleza, akaning'inia kama shati kwenye kamba.
Ameshushwa anacheka.
Halafu hakucheka tena mpaka jioni.

Alhamisi. Ubao njiani, misumari imetazama juu.
Mtu ameinama akaugeuza. Sikumwona ni nani.

Ijumaa. Hakuna.
Nimeliandika neno hilo polepole, kama mtoto anayejifunza herufi.

Mwisho wa mwezi mkandarasi alilowesha kidole, akafunua,
akafika safu ya tano, akasimama.
"Hii nini? Kofia, mikanda, ngazi mpya ya chuma,
pesa zangu zimenunua nini hapa? Hakuna, hakuna, hakuna!
Stakabadhi iko wapi?"

Nje, watu ishirini na mmoja walikuwa juu ya kifusi na sahani za makande,
wakigombana juu ya penalti ya juzi,
mikono mizima inarushwa hewani, miguu mizima imenyooshwa juani.
Sifaeli alikuwa amesimama, mdomo umejaa, anamwita Mama Aikande.

"Stakabadhi ile pale, bosi," nikasema.
"Inaomba chumvi."

Hakujibu. Alisaini, lakini chini kabisa,
mahali ambapo mtu husaini kitu asichokitaka.

Jioni napokea vitu, navihesabu:
koleo, karai, timazi, mikanda sita,
kofia ishirini na mbili.
Zimechubuka sasa, kila moja ina jina kwa rangi ya mafuta.
Moja haijawahi kutoka.
Naifuta vumbi, narudisha rafu ya juu,
jina lake limetazama mlango,
kisha nafunga kufuli, nalivuta mara mbili.