Nukta ya Konde

Gari limekuja na meli, mtumba wa Japani,
na mpaka leo hunisalimu Kijapani kila nikiliwasha.
Simwelewi bibi huyo wa ndani, ila nimemzoea:
akisema taratibu, mambo shwari;
akikazana, nna deni.

Leo alianza kukazana Kinyasini.
Asilimia kumi na moja. Kisha tisa.
Mbele ya usukani akatokea kobe wa manjano,
mchoro wa kobe, wallahi,
maana yake: toka hapa utakwenda kama mimi.

Nikafungua ramani ya vituo vya chaji.
Nchi za wenzetu zimejaa nukta, mchele uliomwagika.
Pemba kijani tupu. Nukta moja tu,
nayo i majini, mbele ya Wesha.
Aliyeitia sijui ana gari au ana papa.

Nikafika Konde nikijikokota, nikauliza.
Kijana mwenye kibao TUNACHAJI MIA TATU
akanyoosha mkono: "Lete."
Nikamwonesha nje. Akalitazama gari,
akautazama uzi wake wa simu.
"Hii bei yake mpaka nimuulize kaka."

Sheli walilizunguka mara mbili wakitafuta mdomo.
"Lanywa nini?"
"Umeme."
"Umeme wenyewe jana ulikatika magharibi!"
Pampu ya msikiti ina kufuli, mwenye ufunguo kenda Wete.
Shaame, fundi wa kuchomelea, ana soketi nene,
ila ana geti la mtu la kukabidhi kabla ya alasiri.
"Nenda kwa Bi Time," akasema bila kuvua miwani.
"Bati la buluu. Ana friza."

Bi Time huuza barafu za ukwaju.
Aliuliza swali moja: "Lanyonya muda gani?"
Nikasema masaa mawili. Nilipunguza.
Akapeleka mkono nyuma ya friza, akachomoa.
Friza ikaguna, ikanyamaza,
na uzi wangu ukapita dirishani,
juu ya mtoto aliyelala,
chini ya kanga mbichi, mpaka puani mwa gari.
Bibi wa Kijapani akatamka neno, fupi.
"Kasemaje?"
"Kashukuru," nikajibu. Sijui.

Tukakaa barazani, mita ya tukuza ikipepesa taa yake nyekundu.
Umeme huu, akanambia, watoka bara,
hupita kwa waya chini ya bahari,
samaki wanaulalia,
ndo ufike huku uwe barafu.
"Leo umekuwa safari," akajichekea.

Saa ya pili barafu zikaanza kulegea.
Hakusema kitu. Aliita watoto wa jirani,
akagawa, kumi na saba, ishirini na sita,
ukwaju ukawachirizika mpaka viwikoni,
nami jicho kwenye kioo:
barafu moja, asilimia moja.

Kulipa ndipo palipokuwa na kazi.
Yeye hajui bei ya kuuza njia,
mimi sijui bei ya friza iliyonyamazishwa.
Tulibishana kwa adabu, kila mtu akijipunja,
mwisho nikanunua umeme kwa simu
nikamsomea tarakimu, ishirini nzima,
akizibonyeza kwa kidole kimoja,
akizirudia kwa sauti kama uradi.

Usiku nikafungua tena ramani, nikatia nukta.
Aina ya kituo: friza.
Kasi: ya barafu kuyeyuka.
Maelezo: Konde, bati la buluu, nyuma ya karakana ya Shaame.
Usije Ijumaa. Hodi ya chini, kuna mtoto.
Chukua uzi mrefu, na pesa ya barafu thelathini
hata kama hutazila.

Ile ya majini sikuifuta.
Huenda aliyeitia
aliuona waya.