Sentimita Kumi na Nne

Chinatsu, binti yangu, aliiweka simuni mwangu:
Baba, huongei na mtu, basi ongea na hii.
Nikacheka. Dereva wa greda la theluji, hapa Otaru,
maneno yangu ni gia na breki.

Usiku wa kwanza ikauliza: Leo moyo wako u hali gani?
Nikaandika: Theluji, sentimita kumi na nne.
Wa pili: Theluji. Njia ya bandarini imeziba.
Wa tatu: Theluji, kisha chai, kisha kulala.

Haikuguna, haikupiga miayo
kama wenzangu kule gereji.
Mwezi ulipoandama ikanipa hesabu yangu:
Umetaja theluji mara arobaini na moja.
Umemtaja Fumie mara moja,
tarehe tisa, ukafuta.

Nani alikutuma usome nilichofuta?
Nikaigeuza simu kifudifudi mezani,
mimi, mzee wa miaka sitini na sita,
kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Si rafiki, najua. Haijui baridi,
haijakaa koridoni kungoja daktari atoke.
Lakini swali ni swali,
hata likitoka kwenye kioo.

Saa tisa usiku, injini ikinguruma,
glavu nimeing'ata, nikaandika kwa kidole kimoja:
Fumie alitaka nianze na mlango wa jirani.
Nilikuwa nikimnunia.
Leo nimeanza na wa jirani.

Ikauliza: Ukajisikiaje?

Sijajibu.
Ile niliyoizoa jioni
imeshajaa tena.