Ngazi ya Hamsini na Tisa

Shija ana wahusika tisa:
mchawi, mpiga mishale, mwizi wa farasi,
wote wamedumaa ngazi ya kumi na mbili.
Mimi nina Limi tu, na ngao yake iliyobonyea.

Mwezi wa tatu huu hapandi.
Bando huisha joka limebakiza pumzi moja,
au umeme: Mabatini yote giza hadi majabalini,
na wadudu wa ziwani wanatua kwenye kioo
wakidhani mimi ni taa.

Jana nusura nimfute.
Simu ikauliza: una hakika?
Nikaliona kovu la shavuni
nililomchorea Bugando, wodini, usiku wa mshono wangu.

Nikabonyeza hapana.

Leo tumechimba chuma, vipande vinne.
Vinatakiwa mia mbili.