Unga wa Maganda

Niliingia Kibuye Jumapili na mfuko wa maganda ya mayai.
Nimeyachemsha, nimeubandua ule utando wa ndani,
nimeyaanika juu ya bati hadi ukiyatikisa yanalia.
Maganda ninayo. Mimi ndiye yule wa ndoo ya mayai
pale Kondele, ubavuni mwa fundi viatu,
kachumbari bure, pilipili ukipenda.
Nisichokuwa nacho ni cha kuyasagia.

Mama aliteleza bafuni, kifundo cha mkono kikavunjika.
Nesi akaandika vidonge, mimi nikasoma bei,
nikaikunja karatasi mara nne.
"Basi maganda," akasema, "lakini yawe laini.
Laini kabisa. Koo la mtu mzima si bomba."

Laini. Neno hilo nikalibeba sokoni kama kipimo.

Wa kwanza alinisifia blenda.
Nikamimina konzi moja. Ikavuma,
maganda yakapanda kuta za glasi, yakajibanza huko juu
kama watoto waliosikia habari za sindano,
kisu kikabaki chini kinakata hewa.
"Ongeza maji," akasema.
Sikuja kutafuta juisi.

Kinu cha mbao kilinuka saumu ya watu.
Kile cha chuma, cha kufungwa mezani,
mkono wake umeng'arishwa na viganja vya miaka,
kilinitemea changarawe.
"Karanga hapa huwa siagi!" mwenyewe akajitetea.
Karanga, sawa. Karanga ina mafuta na huruma.

Wa posho mili hakuningoja nimalize:
"Kesho ugali wa watu ukikwaruza
nitawaambia ni mkono wa mamako?"

Ndipo nikakiona, kati ya pasi iliyokufa na redio tatu:
kisagio cha kahawa, kimo cha ngumi mbili,
kifuniko kimegandishwa kwa gundi,
waya umefungwa utepe mweusi.
Oluga akakichomeka kwenye jenereta.
Kikalia kama nyuki ndani ya chupa.
Nikahesabu ishirini, nikafungua,
na ganda la yai likatoa moshi, jamani,
moshi mweupe, ukanipanda puani.
Nikachota kwa ncha ya kidole, nikaweka baina ya meno,
nikasikiliza.
Elfu na mia mbili. Mia sita. Elfu. Mia saba.
Tuliagana kwenye mia nane na hamsini
na kila mmoja akaamini amemwonea mwenzake.

Lakini mama alikula odowa mimba zake zote sita.
Ulimi wake unayajua mawe kwa majina.
Akaonja. "Huu ni mchanga wa Dunga," akasema.
"Rudisha."

Nikarudisha. Nikahesabu sitini, nikapumzisha mota,
nikahesabu sitini nyingine.
Nikachekecha kwa kitambaa chake cha kichwa,
kilichokataa kupita nikakirudisha tena,
hadi ukatoka unga ambao kidole hakiusikii,
macho tu ndiyo yanasema upo.
Kiswahili nacho kina ujanja wake:
unga ni kile kilichosagwa,
na unga! ndiyo amri unayoupa mfupa.

Robo kijiko, ndani ya uji wa wimbi. Akakoroga mwenyewe.
"Mayai haya waliyala akina nani?"
Bodaboda wa zamu ya usiku, nikamwambia.
Mwalimu anayepita mwisho wa mwezi tu.
Msichana wa duka la dawa, hutaka kiini kibichi.
Askari wawili wasiolipa.
"Wape asante zangu."
Hata askari?
Akafikiri. "Askari walipe kwanza."

Akanywa hadi chini kabisa, akalamba mdomo wa juu,
akanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta kosa.
"Uji wako unanukia kahawa," akasema,
akanisukumia kikombe
kwa mkono wenye plasta.