Kwa Mwizi Niliyemwajiri

Ghala la pili, Tandahimba, saa nne usiku.
Korosho zimepangwa gunia juu ya gunia hadi kwenye kenchi,
na mimi, mtunza mfumo wa ushirika,
nakuandikia mkataba kabla sijakujua jina.

Kwanza nakupa masikio:
usikie kila ujumbe uendao kwa mkulima,
kilo ngapi, daraja gani, shilingi ngapi.
Nakupa subira ya mchwa.
Nakupa kompyuta zote za dunia
na umeme usiokatika, ambao mimi sina.
Hata kanuni yangu ya kufumba nakupa, hatua kwa hatua,
nimeibandika mlangoni asome apendaye.
Mficha uchi hazai.

Nakunyima namba moja tu.

Ukaja. Ukaitwa Chilumba, kijana wa Newala,
kandambili, begi la mgongoni lisilo na zipu.
Tulipatana elfu arobaini na chai
unitie hasara ya uongo
kabla mtu hajanitia ya kweli.
Chai haijapoa, ukawa umemlipa marehemu:
Mzee Nambunga, tuliyemzika Machi,
kaleta kilo mia sita, daraja la kwanza.
Nilikasirika. Nikasema umechungulia.
"Mwizi gani hachungulii?"

Nikafumua, nikasuka upya.
Ukaingia kwa mizani:
ujumbe wa jana ukautuma leo, na kesho, na keshokutwa,
gunia lilelile likapimwa mara nne
bila mtu kuliinua.

Nikafumua.

Mara ya tano ulikaa siku tatu.
Chai ikaota utando.
Ukasema, "Sijaweza."
Hukusema haiwezekani.
Nimeipenda tofauti hiyo kuliko hotuba ya mwenyekiti
anayeapa kufuli yetu ni imara
kwa kuwa yeye hajawahi kuisukuma.

Basi sikia. Leo asubuhi, kabla ya mnada,
nimeinamia mizani kuokota kalamu
nikaiona namba yangu, ile moja niliyokunyima,
chini ya sahani ya chuma, kwa wino wa bluu,
mwandiko wa karani, mwandiko mzuri,
asije akaisahau.

Nimeifuta kwa mate.
Rudi, Chilumba. Mkataba una pengo:
kuna adui sikumwandika.
Ana ufunguo wa ghala, ana kikombe chake hapa,
na hunisalimia kila siku.