Alhamisi

Tulifungua bahasha tatu mbele ya mashahidi,
saa nne asubuhi, orofa ya pili, Nyawera,
mimi nikiandika muhtasari kwa kalamu ya kuazima.
Ya kwanza ilikuwa nzito kama Biblia ya altareni.
Ya pili ilijaa picha za watoto wanaocheka chini ya taa.
Ya tatu, kurasa kumi na nne tu, na bei
ambayo Mkurugenzi aliisoma,
akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Ndivyo tulivyompata Inginia Ngalula, wa Lubumbashi.
Kazi yake, kwa mujibu wa mkataba:
kutuambia shirika litakuwa wapi mwaka elfu mbili na hamsini.
Tukampa meza yenye mguu mmoja mfupi
na karatasi ya kukunja, ya kuuwekea.

Siku ya kwanza aliuliza swali la mtoto:
mna nyumba ngapi?
Nikafungua daftari, nikamsomea.
Mzee Birindwa wa kabine akakohoa.
Daftari ni daftari, alisema. Waya ni waya.

Basi tukapanda Kadutu, ngazi za udongo,
hadi Cimpunda, pumzi mkononi.
Waya zilipita juu ya mabati kama nywele za mtu
aliyeamshwa kwa kelele,
zimefungwa kwa mfuko wa sukari, kwa mpira wa baiskeli,
nyingine zimeingia ukutani bila kubisha hodi.
Inginia alihesabu. Hakushangaa,
na hilo ndilo lililonishangaza.

Penye mteremko, mvua ilikuwa imeng'oa nguzo.
Imelala, taa bado imo kichwani mwake,
vijana wameifanya benchi.
Hii iliripotiwa? akauliza.
Nikasema ndiyo. Mimi ndiye niliyepokea ripoti.
Niliiweka kwenye faili.
Faili ipo. Ni ya kijani.

Kwa Mama Cibalonza kuna kinu cha kusagia muhogo
na foleni ya mabeseni yasiyo na wenyewe.
Usiku hulala swichi ikiwa imewashwa, balbu juu ya uso.
Ndiyo jogoo wangu, alisema.
Ikiwaka saa nane usiku, naamka nayo,
napita mlango kwa mlango: leteni, leteni, umekuja!
Mara nyingine nafika mlango wa tatu, unakatika.

Inginia akamweleza mpango:
mtambo mpya mtoni, jua juu ya mapaa,
gesi iliyolala chini ya ziwa, miaka ishirini na mitano.
Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
akijipangusa unga kwenye nyusi.

Kisha: mwanangu, mwaka huo nitakuwa makaburini Ruzizi,
na huko sisagi.
Wewe nipe Alhamisi.
Uniambie: Alhamisi, saa tatu mpaka saa saba.
Hata ikiwa ni Alhamisi peke yake.
Lakini iwe Alhamisi kweli.

Inginia Ngalula aliacha kuandika.
Njia nzima ya kushuka hakusema neno.

Ripoti ina kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Nimeitoboa mwenyewe, nimeishona mwenyewe.
Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja tu, juu ya ratiba;
Mkurugenzi akaona si ya kimkakati,
ikahamia kiambatisho cha tisa, chini ya jedwali.
Wakubwa walipiga makofi. Soda zilikuwa baridi.
Inginia akapanda ndege na begi lake dogo,
malipo ya awamu ya mwisho, mpaka leo, yanashughulikiwa.

Kituoni, Ruzizi unapita chini ya dirisha,
unatoka ziwani mbio kama mwenye deni.
Maji haya, husema Mzee Birindwa,
hayajakosa kazini hata siku moja.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea karatasi za mshahara.
Alitazama saa yake ya mkononi.
Akanitazama mimi.
Akaweka mkono kwenye swichi ya Cimpunda,
bila barua, bila muhuri, bila nakala kwa yeyote.

Ilikuwa saa tatu kamili.
Leo tena, saa tatu kamili.

Kalamu ninayo, yangu mwenyewe siku hizi.
Muhtasari sijaandika.