Mfuko wa Mkate

Noelene amezileta ndani ya mfuko wa mkate,
bahasha thelathini na moja, hazijafunguliwa,
mbili zina duara la kikombe cha chai.
Tangu Februari analipita sanduku la barua
kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Kouros hana pesa ya kumpa. Hilo alilisema mlangoni.
Ana kisu cha siagi, kalamu, simu ya mezani.
Dirishani, bomba la kiwanda cha Port Pirie
linatoa moshi wake mwembamba.

Anapasua. Anasoma. Anapanga:
umeme huku, gari kule,
na peke yao, wale waliomkopesha dola mia saba kwa dakika nane.
Haguni. Mara moja tu anainua kichwa:
"Hili si lako. Sahihi ni ya Trevor."
Noelene anautazama ule moshi muda mrefu.

Kisha simu, na kinanda cha kungojea, dakika arobaini.
Kouros anatafuna biskuti.
"Ndiyo, ana watoto wawili. La, hamkati.
Sheria mnayo hapo, au nikusomee?"

Dawa ya deni kulipa, twasema kwetu.
Sawa. Lakini aliyeitunga
hakutuambia nani atashika kisu
mkono wako ukitetemeka.

Dola ishirini kila wiki mbili. Hizo anaziweza.

Amefika nje, anarudi mbio:
ameusahau mfuko.
Bado mzima, na kesho watoto wana shule.